Video ya mizani inakimbia kama katuni, nibadilishe kamera?

Swali: Mkuu habari za kazi. Niko ghala la mahindi hapa Makambako, tuna mizani ya malori. Nimeandika skripti ya Python kwa OpenCV (maktaba ya kushughulikia picha na video), inachukua picha ya kamera ya USB, inasoma uzito kwenye indiketa (kile kisanduku kinachoonyesha kilo za mizani) kwa waya wa siriali (indiketa inatuma uzito mara 5 kwa sekunde), inaandika namba ya gari na kilo juu ya video halafu inarekodi. Sasa nikirekodi dakika moja video inaisha kwa kama sekunde 10 hivi, watu wanatembea mbio kama katuni. Umeme ukikatika faili la mp4 halifunguki kabisa. Na lori likiwa jeupe maandishi hayasomeki, halafu kati ya namba ya gari na kilo zinatokea alama za kuuliza. Bosi anasema tununue kamera ya maana, nimwambieje?

Jibu: Mwambie bosi atulie kwanza, hela ya kamera ibaki mfukoni. Jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye swali ila limekupita. Tupige hesabu: sekunde 60 zimekuwa 10, yaani video inakimbia mara 6, na naweka dau kwamba kwenye VideoWriter, ile inayoandika video kwenye faili, umeandika fremu (picha) 30 kwa sekunde kama tunavyoandika wote tukikopi mfano. 30 gawanya kwa 6 unapata 5. Indiketa yako inatuma mara ngapi kwa sekunde? Umeona sasa.

Kinachotokea ni kwamba lupu yako moja (mzunguko wa kodi unaojirudia) inafanya kazi za watu watatu, inachukua fremu, inasoma uzito, inaandika kwenye faili, na pale kwenye readline(), amri ya kusoma waya wa siriali, inasimama inasubiri mpaka indiketa iseme neno. Kwa hiyo kamera hata iwe na uwezo wa fremu 30, lupu inazunguka mara 5 tu. Na VideoWriter haina saa ndani yake jamani, hili watu wengi hawalijui, wewe umeiambia 30 basi kila fremu unayoitupia inaihesabu ni sehemu moja ya 30 ya sekunde, haijali wewe umechelewa au umewahi. Ndiyo maana nakwambia hata ukileta kamera ya laki nane katuni itabaki palepale.

Dawa ni kuitoa indiketa kwenye lupu. Ipe thredi yake (kazi inayokwenda sambamba na lupu) isome muda wote, iweke uzito wa mwisho mahali pamoja, lupu ya video ikipita inachukua uliopo na kuondoka, haisubiri mtu. Ila pamoja na uzito hifadhi na muda uliosomwa, na kama umepita sekunde moja hakuna kipya andika HAKUNA UZITO kwenye picha. Hili nimelilipia mwenyewe: waya ulichomoka mchana, skripti ikaendelea kuonyesha kilo za lori la asubuhi kwenye kila gari lililopanda, na hakuna aliyeshtuka mpaka jioni wanafunga hesabu. Siku ile sikula.

Ukishafanya hivyo itakuwa nafuu kubwa lakini bado, maana kamera nyingi za USB giza likiingia zinapunguza fremu zenyewe ili zipate mwanga, mchana 30 usiku 15, na wewe ulishaandika namba moja kwenye faili. Kwa hiyo usiiamini kamera, amini saa. Chagua 15 inakutosha kwa lori lililosimama, iandike hiyohiyo 15 kwenye VideoWriter, halafu ndani ya lupu (mwanzo ni muda ulipoanza kurekodi, zilizoandikwa inaanzia 0):

```
zinazotakiwa = int((time.monotonic() - mwanzo) * 15)
while zilizoandikwa < zinazotakiwa:
    out.write(fremu)
    zilizoandikwa += 1
```

Kamera ikichelewa fremu inarudiwa, ikiwahi inarukwa, dakika inabaki dakika. Tumia monotonic usitumie time.time(), kompyuta ikijirekebisha saa kwa intaneti katikati ya kurekodi hesabu yako inavurugika. Na waitKey, ile inayosubiri kitufe kwa milisekunde, iwe 1, nimeona watu wanaweka 100 halafu wanalaumu kompyuta.

Kama baada ya hapo umebaki na fremu 10 tu kwenye 1280 kwa 720, hapo ni njia ya USB. Picha isiyobanwa ya saizi hiyo, baiti 2 kwa kila nukta, mara 30 kwa sekunde, ni kama megabaiti 55, na USB 2.0 hata kwenye makaratasi ni megabiti 480, yaani megabaiti 60, na hiyo 60 hutaiona maishani. Iombe kamera itume MJPG (kila picha imebanwa kama JPEG) kupitia CAP_PROP_FOURCC.

Umeme: mp4 kawaida inaandika faharasa yake mwishoni, unapoita release() kulifunga faili, umeme ukikatika kabla ya hapo picha zimo ndani ila plea haijui zianzie wapi. Rekodi kwa .avi na MJPG, faili linakuwa kubwa kweli lakini likikatika VLC inaweza kulirekebisha. Na usirekodi siku nzima faili moja, fungua lori likipanda, funga likishuka.

Maandishi chora mara mbili, kwanza nyeusi nene halafu nyeupe nyembamba juu yake. Alama za kuuliza ni kwa sababu umekopi kile kistari kirefu kutoka Word, putText inayochora maandishi haikijui, weka kistari cha kawaida cha kibodi.

La mwisho hujaliuliza. Nahisi video hii ni ya siku mkulima atakapobisha kilo, sasa kilo zilizoandikwa na Python yako mtu yeyote anaweza kusema umezitunga, na kwa kweli ungeweza. Kilichogongwa muhuri na Wakala wa Vipimo ni mizani, siyo skripti. Geuza kamera kidogo, au sogeza indiketa dirishani, namba zake zenyewe zionekane kwenye picha pamoja na lori.