Mshono wa titi umejaa maji, tumpake mama nini?

SWALI: Shikamoo sista. Mama yangu ana miaka 58, alitolewa titi la kushoto Dar siku 16 zilizopita, tukarudi naye hapa Ngamiani, Tanga. Mpira wa kutolea maji ulitolewa siku ya 9. Sasa chini ya mshono, kuelekea kwapani, pamejaa na ukigusa panatikisika kama dafu. Hana homa. Anawashwa mno na joto hili linamtoa jasho. Mama mkubwa anataka tupake msubili na asali, au tutoboe kidogo kwa sindano maji yatoke. Mama ana kisukari pia. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa, hiyo sindano msiiguse.

Kwa maelezo yako, hapo pametuama maji. Titi likitolewa, chini ya ngozi hubaki nafasi tupu, na vijishipa vya limfu (majimaji ya mwili) vilivyokatwa huendelea kuvuja. Maji hayo ya manjano, wataalamu huyaita seroma, huwapata wagonjwa wengi sana wa upasuaji huu. Mpira huwekwa kwa ajili yake, na mara nyingi huondolewa maji yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Lakini kuondoa mpira si kufunga bomba. Yanaweza kuendelea kutoka kidogo kidogo.

Yakiwa machache, mwili huyanyonya wenyewe kwa wiki kadhaa. Yakiwa mengi hadi ngozi inakaza, inauma au mshono unavutika, daktari huyavuta kwa sindano safi, pengine zaidi ya mara moja. Mkitoboa nyumbani mnaingiza vijidudu kwenye dimbwi la joto ambalo halina pa kutokea, na seroma inageuka jipu. Kwa mwenye kisukari hilo ni balaa, maana sukari ikiwa juu kidonda hupona polepole na vijidudu hushamiri. Kesho asubuhi mpelekeni hospitali ya Bombo au kituo chenye daktari wa upasuaji, mkiwa na karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Pimeni na sukari kabla hajanywa chai.

Sasa kuhusu homa. Hapa Tanga mtu akichemka, neno la kwanza ni malaria. Apimwe, ndiyo, lakini hata kipimo kikionyesha malaria, mshono utazamwe siku hiyo hiyo. Joto la nyuzi 38 au zaidi kwa mtu mwenye mshono mchanga ni sababu ya kwenda hospitali bila kungoja kesho. Mpimeni kabla ya kumpa panado, kwa sababu panado huishusha homa na kuificha.

Na msitafute wekundu kama vitabu vingi vinavyoelekeza. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri: ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, ikang'aa kwa kukazika. Tumieni mgongo wa mkono. Gusa kando ya mshono, kisha gusa upande wa titi jingine. Kama pa mshono pana joto zaidi kuliko upande wa pili, hiyo ni dalili. Usaha, harufu, mshono kuachia, au maumivu yaliyokuwa yamepungua kisha yakaanza kupanda tena, nazo hazisubiri.

Kuwashwa kwenyewe kusiwatishe. Mishipa ya fahamu iliyokatwa inaamka. Sehemu nyingine ya kifua au ya ndani ya mkono inaweza kubaki na ganzi muda mrefu, kwa hiyo asiweke kitu cha moto hapo. Anaweza kuungua asisikie.

Jasho ndilo adui yenu mkubwa msimu huu wa kaskazi. Kama daktari hakukataza, aoge kila siku: maji safi na sabuni isiyo kali yapite juu ya mshono bila kusugua. Kisha mkaushe kwa kubonyeza taratibu kwa kitambaa safi, na hapo kwapani msiharakishe. Avae kanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa na kupigwa pasi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi ziacheni. Huunguza hata nyama mpya inayojaribu kuota.

Mama mkubwa hakukosea kabisa kuhusu asali. Iko inayotumika hospitalini kwenye vidonda, lakini hiyo imesafishwa maalumu, si ya chupa ya sokoni. Msubili wa uani una udongo na vijidudu vyake. Mafuta ya nazi yatapata kazi baadaye, mshono ukishafunga kabisa bila kigaga, kwa kulikanda kovu taratibu. Kovu la wiki 3 lina karibu asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi ya kawaida, kwa hiyo ndoo ya maji na mtoto wa kubeba visubiri ruhusa ya daktari.

Mkono wa kushoto lakini usilazwe kabisa. Achane nywele mwenyewe, atumie vidole kupanda ukutani pole pole. Ajitahidi kula samaki, maharage, mayai. Wali mtupu haujengi nyama. Kama walitoa na tezi za kwapani, presha ya damu ipimwe mkono wa kulia.

Mkiwa kwa daktari, ulizeni mambo mawili zaidi: nyuzi za mshono ni za kuyeyuka au za kutolewa, na majibu ya kipande kilichopelekwa maabara yako wapi. Ikiwa atahitaji dawa za saratani za kupitishwa mshipani au mionzi, mara nyingi husubiri mshono upone kwanza, na ndiyo maana sitaki mshono huu uwacheleweshe.