"Wamesema ni mimi kwa asilimia 96"

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mhasibu kwenye SACCOS moja mkoani Morogoro. Tangu mwaka jana kuna akaunti isiyo na jina inayoanika mikopo ambayo wajumbe wa bodi wamejipa. Bodi ikamlipa mtu wa kompyuta. Akachukua barua pepe zangu na za wenzangu wawili, akazilinganisha na maandishi ya akaunti hiyo. Ripoti yake ya ukurasa mmoja inasema ni mimi "kwa asilimia 96", eti kwa kuwa napenda neno "hususan" na huweka nukta tatu mwisho wa sentensi. Si mimi. Nimetakiwa nijieleze kwa barua. Je, kweli mtindo wa kuandika unaweza kumtaja mtu?

JIBU: Marahaba. Unaweza kusaidia kumtaja, ndiyo. Ila ulichofanyiwa wewe si kazi hiyo, na ripoti za namna hii zinanijia mezani kila mara, zote zikiwa na asilimia iliyozidi 90. Sijawahi kuona mganga wa kompyuta akiandika 55.

Kosa kubwa liko kwenye hao watu watatu. Programu ikipewa majina matatu itamweka mmoja wa kwanza hata kama mwandishi halisi hayumo kabisa, maana hilo ndilo ililoagizwa kufanya. Ni gwaride la utambulisho lenye watu watatu, na shahidi kaambiwa lazima amguse mmoja bega. Kwa hiyo, ile 96 haina maana kwamba uwezekano wa wewe kuwa mwandishi ni 96 kwa 100. Kama ina maana yoyote, ni kwamba kati ya watatu hao wewe unafanana zaidi na yale maandishi. Nani aliamua wawe watatu? Mwanachama aliyenyimwa mkopo hakuwekwa. Mjumbe wa bodi aliyegombana na wenzake hakuwekwa.

Na wewe ni mhasibu. Barua pepe zako zimejaa riba, marejesho, dhamana na mikopo chechefu (isiyolipwa), na akaunti ile inaandika kuhusu mikopo. Lazima mfanane! Huko ni kufanana kwa mada. Mchambuzi anayejua kazi yake huiondoa mada kwanza, ndipo apime.

Angalia kesi ambazo mbinu hii ilifanya kazi. Makala za kutetea katiba ya Marekani za mwaka 1787 na 1788 zilitoka kwa jina la bandia la Publius, na 12 kati yake ziligombaniwa baina ya wanasiasa Alexander Hamilton na James Madison. Mwaka 1964 wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha hesabu zilizomwelekea Madison. Hawakuhangaika na msamiati mzito. Walihesabu vijineno kama "upon", ambalo Hamilton alilitumia mara kwa mara na Madison karibu hakuligusa. Lakini kumbuka, historia ilikuwa imeshawapunguzia watu hadi wawili kabla hawajaanza kuhesabu. Mwaka 2013, mwandishi wa riwaya Robert Galbraith alipogundulika kuwa ni J.K. Rowling, mtunzi wa Harry Potter, fununu ililifikia gazeti kwanza. Baadaye ndipo mtaalamu wa kompyuta Patrick Juola alipolinganisha riwaya ile na kazi za Rowling na za waandishi wengine watatu. Ilikuwa riwaya nzima, na bado aliyelimaliza suala ni Rowling mwenyewe kwa kukiri.

Hata Kaczynski, yule mtega mabomu wa Marekani: ilani yake ya maneno kama 35,000 ilichapishwa Septemba 1995 na ndugu yake akautambua mtindo. Ulinganisho wa maandishi ulisaidia kupata hati ya upekuzi. Vielelezo vizito vilikutwa ndani ya kibanda chake kule Montana.

Mambo huharibika orodha ya washukiwa ikipanuka. Mwaka 2012 watafiti walijaribu mbinu hizi kwa waandishi 100,000 wa mtandaoni. Jibu la kwanza la kompyuta lilikuwa sahihi kwa zaidi kidogo ya asilimia 20. Kwa kompyuta hayo ni mafanikio ya ajabu. Kwa kumfukuzia mtu kazi, ni balaa.

Sasa hiyo "hususan". Neno linaloonekana ndilo rahisi kuigwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel waliwaomba watu wa kawaida waandike kwa kuiga mtindo wa mtu mwingine, na mbinu za utambuzi zikayumba vibaya. Aliyekaa ofisini kwenu na kusoma barua zako anaweza kukuvisha "hususan" na nukta tatu zako akitaka. Tena ofisini nusu ya maandishi si ya mtu yeyote: "rejea kichwa cha habari hapo juu", "nakutakia kazi njema". Nani hajayaandika hayo?

Kiswahili nacho kina tabu yake. Mengi ambayo Kiingereza huyaweka kwenye vijineno, sisi tunayabeba ndani ya kitenzi. "Nilipokuwa nikimwandikia" ni maneno mawili tu. Programu inayohesabu vijineno vya Kiingereza itapita hapo bila kuona kitu. Afadhali ile inayohesabu vipande vya herufi, yaani herufi chache zinazofuatana. Muulize huyo bwana alitumia ipi.

Kwenye barua yako, kanusha waziwazi, kisha dai maandishi yote yaliyolinganishwa, idadi ya maneno, jina la mbinu na kiwango chake cha kukosea kwa Kiswahili. Omba pia ajaribiwe mbele ya bodi: apewe barua za wafanyakazi mbalimbali zilizofutwa majina, aseme ipi ni ya nani. Usisaini chochote kinachosema "nakubaliana na matokeo". Wakikuachisha kazi, una siku 30 za kupeleka mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na hapo tafuta mwanasheria, si mimi.

Waliopo kwenye bodi nao wasikie. Uingereza, miaka ya mwanzo ya 1990, mbinu moja ya kuchora grafu za urefu wa sentensi ilifika hadi mahakamani kabla wataalamu hawajaonyesha kwamba haitenganishi waandishi. Donald Foster, profesa aliyesifika kwa kuwafichua waandishi, alishikilia kwamba shairi moja la maombolezo ni la Shakespeare. Mwaka 2002 akaliondoa dai lake. Hao walikuwa wasomi, kazi zao zikikaguliwa na wasomi wenzao. Wenu anakaguliwa na nani?

Na nyinyi mnaonitumia picha za skrini mkitaka niwatajie nani yuko nyuma ya akaunti fulani, "hata kwa kukisia tu": kazi hiyo siifanyi, hata kwa kulipwa.