Ufuta: wiki tano za kwanza ndizo zinazoamua vita na wadudu

Unayeanza kulima ufuta Lindi, Mtwara au Ruvuma, usianze na swali la sumu ipi ununue. Anza na tarehe ya kupanda. Kusini ufuta hupandwa kati ya Januari na Februari, mvua zikishatulia, na shamba lililochelewa ndilo wadudu hulijia kwa wingi, kwa sababu wamekwisha kuzaliana kwenye mashamba ya waliotangulia. Elewana na majirani mpande ndani ya wiki moja au mbili. Usirudie ufuta palipokuwa na ufuta mwaka jana. Weka mahindi, mtama au mihogo katikati ya misimu hiyo.

Adui wa kwanza hutokea miche ikiwa na majani mawili matatu. Ni mdudu mdogo mwenye mabawa magumu, anayeruka ukimsogelea, na hutoboa majani matundu madogo mengi. Miche ikiliwa mfululizo siku chache, unabaki na mistari mitupu. Ndiyo maana hatushauri kupunguzia miche mara moja. Panda mistari ya sentimita 50, mbegu ukiwa umezichanganya na mchanga mkavu ili zisimwagike nyingi mahali pamoja. Punguzia kidogo wiki ya pili, kisha wiki ya tatu au ya nne, hatari ikishapita, acha mche mmoja kila sentimita 10 hadi 20. Miche ya ziada ndiyo akiba yako.

Kisha huja kiwavi anayefunga majani, ambaye wataalamu humwita Antigastra catalaunalis. Huyu ndiye wa kumsoma kwa makini. Akiwa mdogo sana hula ndani ya jani. Akikua kidogo huyavuta majani ya kileleni, huyafunga kwa nyuzi na kula akiwa humo. Baadaye huhamia kwenye maua na kutoboa maganda. Akishajifunga, dawa haimfiki. Akishaingia kwenye ganda, hakuna unyunyiziaji utakaookoa mbegu zile. Kwa hiyo kagua mara mbili kwa wiki tangu wiki ya pili: simama sehemu tano ukikata shamba kwa mshazari, si pembezoni tu, na kila sehemu chunguza vilele vya mimea 10. Ukikuta viwavi kwenye mimea miwili au mitatu kati ya 50, waminye kwa vidole na uendelee kukagua. Wakifika kwenye mimea mitano, chukua hatua siku hiyo hiyo.

Hatua yenyewe ni mwarobaini. Kwa bomba la lita 15, twanga gramu 750 za kokwa zilizokaushwa kivulini na zisizo na ukungu, loweka kwenye maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa kizito (chenga huziba mdomo wa bomba), ongeza kijiko cha sabuni ya mche iliyokwanguliwa. Nyunyiza jioni ya siku inayofuata, ukilenga vilele; jua huiharibu dawa hii haraka, na asubuhi maua ya ufuta huwa yamefunguka na nyuki wako kazini. Rudia baada ya siku saba. Wengi hukosea hapa: kesho yake wanamkuta kiwavi hai, wanakimbilia dukani. Mwarobaini hauui papo hapo. Humfanya aache kula na ashindwe kujivua gamba. Angalia kama kuna majani mapya yaliyoliwa, si kama kiwavi anatikisika. Sumu kali ya dukani huua pia nyigu wadogo, buibui na wadudu wengine wanaokula viwavi na wadudu mafuta, na mabaki yake kwenye mbegu yanaweza kukataliwa na mnunuzi wa nje.

Vitumba vya maua vikivimba na kujikunja badala ya kuchanua, ndani kuna funza wa inzi mdogo. Usinyunyize chochote, hakimfikii. Chuma vitumba hivyo, vichome moto.

Ukishavuna, kunguni wa mbegu hujaa chini ya matita na kufyonza mafuta. Mbegu hunyauka na kuwa chungu. Simamisha matita wima juu ya turubai, mbali na marundo ya mabua ya zamani, kung'uta mara maganda yanapofunguka, na usilaze ufuta shambani ukisubiri siku ya mnada.