Fuata mto: siku tano kutoka Tsavo Mashariki hadi bahari ya Malindi

Safari yangu ya kwanza ya mbuga na pwani niliipanga kwa pupa. Kwa siku nne nilitaka Amboseli, Tsavo Magharibi, kisha Diani. Kwenye karatasi ilikaa sawa. Ninachokumbuka leo ni mgongo kuuma, watoto kulala wakiwa wamekaa, na simba mmoja tuliyemtazama kwa dakika tatu huku dereva akiangalia saa, maana tulikuwa na kilomita nyingi mbele yetu. Tulifika baharini usiku. Asubuhi yake hakuna aliyekuwa na nguvu ya kutoka kitandani.

Mara ya pili nilikwenda na dada yangu na watoto wetu watatu. Kabla ya kulipa chochote nilimuuliza jirani mmoja aliyezaliwa Voi angepitia wapi kama ni yeye. Akanijibu maneno mawili: "Shikeni mto."

Alimaanisha hivi. Mto Athi, unaobeba hata maji ya Mto Nairobi, hukutana na Mto Tsavo ndani ya mbuga ya Tsavo Mashariki, na kuanzia hapo huitwa Galana. Galana huikata mbuga kuelekea mashariki, hupita nyika ya Kilifi, na ukikaribia pwani wenyeji huuita Sabaki. Hatimaye huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Ukiingia mbugani kwa geti la Voi na kutoka kwa geti la Sala, nusu ya pili ya safari yako inaandamana na mto huo mpaka baharini, na hurudii njia hata hatua moja. Siku tano zinatosha, na ukibanwa sana, nne.

Kutoka Nairobi hadi Voi, panda treni. Najua wengi wanapenda gari lao, lakini ni zaidi ya kilomita 300 za barabara ya Mombasa, ukishindana na malori ya mizigo toka bandarini, na ukifika umeshachoka kabla safari haijaanza. Chukua treni ya asubuhi inayosimama vituo vya njiani. Usipande ile ya moja kwa moja, kwa sababu itakupitisha Voi ukiiona dirishani. Kata tiketi mapema, hasa shule zikifungwa. Reli hii iliyofunguliwa mwaka 2017 inapita katikati ya Tsavo, na chini yake yameachwa mapito ya wanyama. Mpwa wangu aliona ndovu kutoka kwenye kiti chake kabla hatujalipa kiingilio chochote. Dereva wako atakungoja kituoni na gari la kufunguka paa.

Sasa nikae kidogo kwenye habari ya dereva, kwa sababu hapa ndipo safari fupi hupona au hufa. Watu hutumia wiki nzima wakichagua hoteli, halafu dereva wanampokea yeyote atakayetumwa. Hoteli mtalala tu. Dereva ndiye mtakayekaa naye saa nane kwa siku, na ndiye macho yenu. Uliza jina lake mapema, uliza amefanya kazi Tsavo kwa muda gani, na uliza kama amefanya mitihani ya chama cha waongozaji safari, KPSGA, chenye ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Hata wa shaba amesomea wanyama, ndege na mimea, hakukabidhiwa usukani tu. Anayejua mbuga moja kwa kina atakufaa kuliko anayezijua zote juu juu.

Uliza pia kwa maandishi ni nini kimo kwenye bei. Ile mara ya kwanza kampuni iliniambia "kila kitu kimo", na tulipofika getini nikaambiwa kiingilio ni juu yangu. Nilisimama juani na watoto nikihangaika na simu. Kwa hiyo taja kimoja kimoja: kiingilio cha watu, kiingilio cha gari, mafuta, chakula na malazi ya dereva, maji ya kunywa. Shirika la wanyamapori, KWS, halipokei pesa taslimu getini. Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, na ni heri uyafanye usiku wa kuamkia safari ukiwa na mtandao mzuri. Bei ya raia hupewa anayeonyesha kitambulisho, basi kibebe, pamoja na hati za watoto. Chupa za maji za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu Juni 2020, kwa hiyo nunua chupa ya kudumu kwa kila mtoto.

Dereva wetu alikuwa Mtaita wa makamo, mpole, asiyependa kelele. Jioni ya kwanza alitupitisha kando ya Mto Voi kwa muda mfupi, kisha akatuambia tulale mapema. Saa kumi na mbili asubuhi geti likifunguliwa, sisi tulikuwa pale na themosi ya chai. Huu ni ushauri ambao sitaulegeza kwa yeyote: usingoje kifungua kinywa cha hoteli. Ikifika saa nne Tsavo huwaka, na wanyama huingia vichakani. Anayetoka saa mbili baada ya mayai na soseji atazunguka kwenye vumbi akilalamika kwamba mbuga haina kitu. Rudini saa nne mle vizuri, mlale, kisha mtoke tena saa kumi jioni.

Asubuhi ile alisimamisha gari mahali ambapo mimi sikuona chochote. Akazima injini. Tukasikia kanga wakipiga kelele, kisha kimya, kisha tena kelele upande uleule. Akasema taratibu, "Mama, kuna kitu kinawasumbua pale, tusiende bado." Baada ya kama dakika ishirini duma jike akatoka kwenye nyasi, akatazama gari letu, akapita mbele yetu akivuka barabara. Hakukuwa na gari lingine. Redioni madereva walikuwa wakiitana kwenda kwa simba fulani, na yeye akaniuliza kama tunataka kukimbilia huko. Nilikataa, na bado nafurahi kwamba nilikataa. Magari kumi na mawili kumzunguka simba aliyelala si kitu ninachotaka watoto wajifunze. Tena kufika kwa haraka kunataka dereva avunje sheria, kwani mwendo mbugani usizidi kilomita 40 kwa saa, na kutoka nje ya njia hairuhusiwi.

Bwawa la Aruba ndilo lililotupa kumbukumbu kubwa. Lilijengwa mwaka 1952 kwa kuziba Mto Voi, na miaka ya ukame mkali hukauka kabisa. Tulilikuta na maji. Tukakaa pale saa nzima na robo, na nilikuwa na wasiwasi kwamba watoto watachoka, lakini hawakuchoka. Ndovu walikuja kwa mstari, wekundu kama matofali, maana hujipaka udongo wa Tsavo mpaka rangi yao ya kijivu ipotee. Mdogo mmoja alikuwa bado hajui kutumia mkonga, akapiga magoti akanywa kwa mdomo. Binti yangu hakusema neno, alinishika mkono tu. Kama ningekuwa na ratiba ile ya kwanza, tungeondoka dakika kumi kabla hawajafika.

Beba darubini, hata moja kwa gari zima, mpokezane. Tsavo ni pana mno, mbuga zote mbili za Tsavo zikiunganishwa zinapita kilomita za mraba 20,000, na wanyama wake hawajipangi barabarani. Msitafute wakubwa peke yao. Mtazameni swala twiga akisimama kwa miguu ya nyuma kula majani ya juu, na choroa mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Jiwe la Mudanda ni zuri kwa kunyoosha miguu, ila kwa siku tano unaweza kuliacha bila majuto.

Siku ya tatu ndiyo ya mto. Jaza tangi Voi, beba maji ya kutosha na chakula cha mchana, na mwambie aliyebaki nyumbani kwamba simu itapotea kwa saa kadhaa. Mvua ikiwa imenyesha, ulizia hali ya njia getini kabla ya kuondoka. Tuliukuta Mto Galana karibu na Lugard, pale panapoitwa maporomoko ingawa maji hayaanguki kutoka juu. Yanapita kwa nguvu katikati ya miamba iliyochongwa na kutobolewa kama iliyotiwa patasi. Hapo unaruhusiwa kushuka. Shika watoto mkono, miamba huteleza, na chini kidogo mamba hujaa. Ng'ambo ya mto inaonekana Yatta, mlima uliolala kama ukuta usio na mwisho. Ni lava ya kale iliyotiririka kwa karibu kilomita 300, na dereva alituambia ni miongoni mwa mikondo mirefu kabisa ya lava duniani.

Kuanzia hapo njia inaandamana na mto, mikoma ikiwa kando yake, viboko wakipumua majini, mpaka geti la Sala. Ukishatoka getini bado una zaidi ya kilomita 100 hadi Malindi, na mimi nakusihi usilale usingizi. Nchi inabadilika mbele ya macho yako. Kwanza vichaka na udongo mwekundu, kisha mibuyu, kisha boma za Wagiriama zenye mbuzi, Langobaya, Kakoneni, mikanju na miembe, na ghafla mnazi wa kwanza. Mwanangu wa mwisho alipiga kelele kuuona. Wale wanaofika pwani kwa ndege huikosa saa hii yote.

Kuhusu msimu, watu huchagua kwa kutazama mbuga peke yake au bahari peke yake. Wanyama huonekana vizuri wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari, maana maji ya vichakani yakikauka hukusanyika mtoni na bwawani. Lakini Juni hadi Agosti bahari ina kusi, mawimbi makubwa na mwani mwingi ufuoni. Januari na Februari kaskazi inavuma, bahari imetulia, na nyika bado ni kavu. Kama ratiba ya shule na kazi inakuruhusu, huo ndio wakati wa safari hii. Aprili na Mei nisingeenda na watoto wadogo kwa njia ya Sala.

Malindi tulifika saa tisa alasiri. Kabla ya jua kutua tulivuka daraja la Sabaki, tukatembea hadi mto unapoingia baharini. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na mbele yake bahari ya buluu, na mstari kati yao ulionekana wazi. Ndege wengi walisimama kwenye matope. Nilimwambia binti yangu kwamba udongo ule ni ule uliokuwa kwenye migongo ya ndovu. Akauliza kama maji tuliyoyaona Lugard asubuhi yamekwisha kufika. Nikamwambia bado, sisi tumeyatangulia.

Udongo huohuo ndio sababu ya kuwaambia msitafute kuogelea na samaki wa matumbawe Malindi wakati wa kaskazi, ambapo mkondo husukuma tope kuelekea kusini. Teremkeni Watamu. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na Watamu maji ni angavu zaidi. Ila msifunge saa ya mashua kutoka hotelini. Muulizeni nahodha maji yanapwa saa ngapi, kwa sababu matumbawe huonekana vizuri maji yakipungua, na siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa ni kubwa sana. Sisi tuliondoka saa tatu baada ya mahamri na mbaazi, tukavaa majaketi ya kuokolea, na nahodha akawafundisha watoto kuelea bila kukanyaga matumbawe. Magofu ya Gedi, yaliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2024, yapo dakika chache kutoka hapo. Nendeni asubuhi kukiwa na baridi, na msionyeshe ndizi, tumbili wa pale ni wepesi.

Siku ya kurudi, toka mapema kuliko unavyodhani. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, lakini foleni ya magari ya Mtwapa pekee inaweza kukumeza saa nzima, na kituo cha treni kiko Miritini, upande wa pili wa mji, ambako ukaguzi wa mizigo huanza mbali na mlango. Sisi tulipanda na dakika kumi mkononi.

Kuna kitu kimoja tulikikosa. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko kando ya barabara hiyohiyo, na ndani yake anaishi sengi, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu. Huonekana alfajiri, akikimbia juu ya majani makavu, na unahitaji mwongozaji wa msituni kutoka kituo cha Gede, ambaye ni heri umpate siku moja kabla. Mimi nilifika kuuliza saa tatu asubuhi, mizigo ikiwa garini tayari. Desemba nikipata likizo, usiku wa mwisho nitalala Gede.