Trekta dogo la petroli linazima choki ikirudishwa: anza na tangi kabla ya kununua kabureta

Ndugu uliyeuliza kutoka Njombe, umeeleza kwamba trekta lako dogo la petroli, la zamani, unalolitumia kufyeka nyasi kati ya mistari ya miparachichi na kuvuta tela la mbolea, liliegeshwa tangu mvua zilipokatika mwezi wa tano, na sasa mvua zimeanza tena linawaka pale tu choki inapokuwa imevutwa. Ukirudisha choki, injini inapanda na kushuka, kisha inazima. Umesema pia kwamba asubuhi unakuta harufu kali ya petroli chini ya boneti na kabureta imelowa, na kwamba fundi amekushauri ununue kabureta nyingine, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini.

Kwa maoni yangu, usinunue kwanza. Nimehudumia injini ndogo za petroli hapa Uyole, Mbeya, kwa muda mrefu, za pampu za maji, mashine za kukata nyasi na matrekta ya aina hiyo, na dalili zako mbili hazinishangazi. Zinaonekana kupingana, kwa sababu ya kwanza ni ya petroli kupungua na ya pili ni ya petroli kuzidi, lakini mara nyingi zote mbili zinaletwa na uchafu uleule ulioshuka kutoka kwenye tangi: punje moja imeziba jeti, yaani kitundu chembamba kinachopitisha petroli, nyingine imekaa chini ya sindano ya floti, ile inayofunga petroli boya dogo la ndani ya kabureta (floti) linapoinuka, na kuizuia isifunge.

Choki hupunguza hewa ili petroli iwe nyingi kwa kulinganisha. Injini iliyokwisha kupata moto na bado inadai choki inakuambia kwamba hewa inayoingia ni nyingi kuliko petroli inayoletwa. Kule kupanda na kushuka nako kuna maelezo yake: injini ikishuka kwa kukosa petroli, gavana, yaani kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, inafungua mafuta, injini inaruka, gavana inafunga, injini inaanguka, na mchezo unaanza upya. Kwa hiyo gavana inafanya kazi yake ipasavyo, na nakuomba usikubali mtu akunje mkono wake wala avute springi yake ili “kutuliza” injini. Nyingi za injini hizi zimewekewa kikomo cha takribani mizunguko 3,600 kwa dakika, na anayechezea springi anakiondoa kikomo hicho bila kujua.

Kabla ya kuwasha tena, vuta kijiti cha kupimia oili. Kama kiwango kimepanda au oili inanuka petroli, basi petroli iliyovuja usiku imepita kwenye silinda na kushuka chini. Mwaga oili yote na uweke mpya, na usiwashe hata kidogo kwa ile ya zamani, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli inakuwa nyepesi mno kulinda beringi na ringi. Kabureta ikiharibika unaweza kununua nyingine kesho yake, lakini injini iliyokwama kwa kukosa oili nzuri ni gharama ya namna nyingine kabisa.

Sasa tangi. Huko kwenu usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kali na mchana jua linawaka, na tangi lililoachwa nusu linavuta hewa yenye unyevu inayogeuka kuwa maji ndani yake. Petroli yenyewe ikikaa miezi sita inapoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa kahawia unaonata. Mimina kiasi kwenye chupa ya kioo, iache itulie, kisha itazame: maji yatakaa chini na kujitenga waziwazi, na kama harufu imegeuka na kuwa ya vanishi, usijaribu kuiokoa kwa kuchanganya na mpya. Osha tangi, badilisha filta na mpira wa mafuta kama umekakamaa, halafu hakikisha petroli inatiririka bila kusita. Kama trekta lako lina pampu ndogo ya mafuta badala ya kushushia kwa uzito wake, angalia kama inasukuma. Angalia pia tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi, kwa kuwa likiziba injini hufanya kazi kwa muda, inazima, na ukifungua kifuniko inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kabla ya kuifungua kabureta, ipige picha kwa simu kutoka pande zote, hasa mahali springi na vijiti vya gavana vinaposhika, kwa sababu mashimo ni mengi na yanafanana. Chini ya bakuli la kabureta, yaani kile kikombe cha chini kinachotunza petroli, kwenye baadhi ya injini, kuna kifaa chenye waya kinachochukua nafasi ya boliti. Ukifungua swichi bila kupiga stata, kinapaswa kutoa mlio mfupi wa “tik”. Kisipolia, angalia fyuzi na waya kwanza, maana kazi yake ni kuruhusu petroli ipite kwenye jeti kuu, na kikifa kinaweza kuleta dalili inayofanana sana na ya jeti iliyoziba. Nimeona kabureta zikioshwa mara kwa mara wakati tatizo lilikuwa waya uliokatika.

Fungua bakuli juu ya sahani nyeupe. Utakachokiona hapo kitakueleza mengi: unga mweupe maana yake ni maji, punje nyekundu ni kutu ya tangi, na utando wa kahawia ni petroli iliyochacha. Kufuta bakuli na kurudisha hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanapoishia. Toa jeti kuu na bomba dogo jembamba lililo juu yake, ambalo lina vitundu ubavuni, ulielekeze kwenye mwanga wa dirisha na kuhakikisha kila kitundu kinaonyesha nukta ya mwanga. Kilichoziba kizibue kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma wala kekee, kwa kuwa tundu la jeti limepimwa na likipanuka halirudi. Njia za sailensi, yaani zile zinazolisha injini inapozunguka taratibu, ni nyembamba zaidi. Puliza dawa ya kusafishia kabureta upande mmoja na uone ikitoka upande wa pili, ukiwa umekinga macho. Ukitumia kompresa, toa floti kwanza ili upepo usiibonyeze.

Floti itikise sikioni. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka. Ncha ya sindano nayo, kama imechorwa duara na kiti chake, haitafunga hata ukiisafisha. Ukisharudisha floti na sindano, kabla ya kufunga bakuli, geuza kabureta juu chini na upulize kwa mdomo kwenye bomba la kuingizia petroli: pumzi isipite, na floti ilale sambamba na uso wa kabureta isipokuwa kitabu cha injini yako kinasema vinginevyo. Kama kuna skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, izungushe ndani polepole mpaka iguse bila kuikaza, kisha irudishe nyuma mzunguko mmoja na nusu na uanzie hapo.

Kama baada ya yote haya bado inadai choki, tafuta hewa inayoingia pembeni. Chukua chupa ya kupulizia maji kama zile za saluni, na injini ikiwa inazunguka, puliza maji kidogo kwenye gasketi iliyo kati ya kabureta na injini. Mlio ukibadilika, umepata mahali.

Wengine watakuambia ni mwinuko. Hoja hiyo ina ukweli, lakini inaelekea upande mwingine. Mashine nyingi hutoka kiwandani zikiwa na jeti ya maeneo ya chini, na Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na petroli ndiyo inayozidi. Injini hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, hivyo huko kwenu karibu sehemu moja ya tano imekwenda na haiwezi kurudishwa kwa kurekebisha kabureta. Kwa sababu hiyo, injini inayolilia choki huku nyanda za juu ina njaa ya kweli. Mwinuko ungekuletea moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu. Dalili hizo zikijitokeza baada ya kusafisha, wakati trekta linavuta tela, tafuta jeti yenye namba ndogo kidogo. Mafundi wa bodaboda wanazielewa jeti kuliko wengi wa matrekta, na kanuni ni ileile.

Mvua zikikatika tena, funga koki ya mafuta na uiache injini izunguke mpaka izime yenyewe, ili bakuli libaki tupu, na tangi ama ulijaze ama ulikaushe.

Kununua kabureta nyingine nitakubaliana nako katika hali moja hasa: shika mhimili wa kipepeo cha mafuta, yaani kile kibamba kinachofunguka na kufunga ndani ya koo la kabureta, kwa vidole na uuchezeshe juu na chini. Ukilegea sana, hewa inapita hapo na hakuna usafishaji utakaoziba. Ukienda kutafuta soko la Mwanjelwa hapa Mbeya au kwingineko, beba ile ya zamani mkononi ulinganishe umbali wa matundu ya boliti, kipenyo cha koo na mahali vijiti vinaposhika, kisha usiitupe, kwa sababu huenda jeti yake ikahitajika kwenye hiyo mpya.