Barua kwa mwanangu: halaiki

Mwanangu, hujambo. Meseji yako nimeiona, unauliza inakuwaje neno halaiki linatumika kwa watoto wa uwanjani siku ya sherehe za taifa halafu jioni redio hiyo hiyo inasema mauaji ya halaiki, na wenzako wa tafsiri hapo kazini wanabishana.

Halaiki ni watu wengi waliokusanyika, basi. Limetoka Kiarabu, huko ni viumbe, sisi tukalibakisha kwa watu, husikii mtu akisema halaiki ya mbuzi. Huku Tanzania likapata na kazi ya pili, wale watoto wa shule mamia kwa mamia na nguo zao za rangi, wanafanya mazoezi weee mpaka wanajipanga wanaandika maneno kwa miili yao uwanja mzima unasomeka, kule Zanzibar kwenye sherehe za Mapinduzi tarehe 12 Januari utawaona, na onyesho lenyewe nalo tunaliita halaiki.

Kwenye mauaji ni wingi ule ule, watu wengi wameuawa kwa pamoja. Ila hapa nisikilize vizuri maana linaniuma. Rwanda 1994, Aprili mpaka Julai, mtu anasimamishwa kwenye kizuizi anaambiwa toa kitambulisho, kimeandikwa Mtutsi, anauawa kwa hilo tu. Sasa ukiita halaiki umetaja wingi, sababu umeiacha nje. Ndio maana kuna mauaji ya kimbari, mbari ni ukoo, nasaba ya mtu. Na ile mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa hapo Arusha ilipomtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, Septemba 1998 kwa mauaji ya kimbari, majaji walichokitafuta ni ile nia ya kuliangamiza kundi. Vyombo vya habari vingi vinachanganya haya maneno mawili, najua, wewe usichanganye.

Kwa hiyo ile habari yako ya kaburi walimozikwa watu wengi pamoja andika kaburi la halaiki, sawa kabisa. Ya Rwanda andika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hayo maneno matatu ya mwisho usiyakate hata kama nafasi imebana. Wakikubishia waambie wakaisome hukumu ya Akayesu.

Mjomba wako anakusalimia sana.

Mama