Cheo cha ulodi Uingereza kinarithiwaje: jibu refu kwa mkuu aliyeuliza, wenye haraka pitieni

Mkuu umeuliza maswali matatu kwa mpigo: lodi akifa bila mtoto wa kiume cheo kinaenda wapi, kwa nini Diana aliitwa Lady kabla hata hajaolewa na Charles wakati Churchill mjukuu wa Duke alikuwa Mr tu, na kama kweli unaweza kununua cheo cha Lord mtandaoni kwa bei ya suruali. Waliokujibu kule juu wameandika "wanarithishana tu kifalme", hiyo haitoshi.

Mimi niko Derbyshire, na msimu wa kiangazi nafanya kazi kwenye mojawapo ya haya majumba ya kikabaila yaliyofunguliwa kwa wageni, jina nalihifadhi maana mkate wangu uko pale. Kazi yenyewe ni kusimama chumbani, kuhakikisha mapazia yameshushwa nusu jua lisichome vitambaa vya ukutani, watoto wasipande vitanda, na kujibu maswali. Na maswali ni haya haya yako, yanaulizwa na Waingereza wenyewe, wengi hawajui chochote kuhusu hii mambo.

Ngazi ziko tano, kutoka juu: Duke, Marquess, Earl, Viscount, Baron. Chini yao kuna Baronet anayeitwa Sir, naye anarithisha ila hahesabiwi kuwa lodi. Duke wa kwanza England alikuwa mtoto wa mfalme, Edward, alipewa Cornwall mwaka 1337. Hapo tusikae sana.

Kitu cha kushika ni hiki: cheo hakifuati damu peke yake wala upendo wa baba wala nani mkubwa, kinafuata ile hati iliyokianzisha. Basi. Mfalme anapomfanya mtu lodi anatoa hati yenye muhuri mkubwa wa serikali. Ya nyumba ninayofanyia kazi iko kwenye kabati la kioo, ngozi imejikunja pembeni, mwandiko umebanana, na chini inaning'inia nta ya kijani nzito kama sahani ndogo yenye sura ya mfalme iliyokwisha kufifia. Watu wanapiga picha ule muhuri wanaondoka, wakati mchezo wote uko kwenye mstari mmoja katikati unaosema cheo kitashuka kwa warithi wa kiume waliotoka mwilini mwake kwa ndoa halali. Kila neno hapo lina kazi. "Wa kiume" maana yake mabinti hata wawe kumi hawapati. "Mwilini mwake" maana yake mtoto wa kuasili hapati, tangu 2004 anaruhusiwa kuitwa kwa heshima kama watoto wengine ila cheo chenyewe hagusi. "Ndoa halali" mnaelewa wenyewe, aliyezaliwa nje hata awe kopi ya baba yake, imekula kwake.

Kwa hiyo swali la kwanza: hamna mtoto wa kiume, wanapanda juu kwenye ukoo wanatafuta mdogo wa marehemu, hayupo wanashuka kwa watoto wake wa kiume, hawapo wanarudi kwa binamu, hata wa mbali huko Australia anayefuga kondoo, mradi ametoka kwa mwanzilishi kwa mstari wa wanaume watupu. Akikosekana kabisa cheo kinakufa. Mwanasiasa William Whitelaw alipewa uviscount wa kurithisha enzi za Thatcher mwaka 1983 na alikuwa na mabinti wanne, alipofariki 1999 cheo kikazikwa naye. Na hii kuwaruka wanawake si historia ya kale, Duke wa Westminster wa sasa, yule mwenye ardhi ya Mayfair na Belgravia kule London, alirithi 2016 akiwa na miaka 25 huku ana dada wawili wakubwa. Mwaka 2013 walibadilisha sheria ya kiti cha ufalme ili binti mkubwa asirukwe, ila malodi hawakuguswa.

Sasa mfano ninaoupenda kuliko yote, na Wakenya mtaufurahia maana ulitokea kwenu. Tarehe 24 Januari 1941 alikutwa Earl wa Erroll, Josslyn Hay, amepigwa risasi ya kichwa ndani ya gari lake karibu na Karen, Nairobi. Kesi yake wengi mmeisikia, alishtakiwa Baronet mmoja, Delves Broughton, ambaye mke wake alikuwa na uhusiano na marehemu, akaachiwa, na mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Watu huwa wanaishia kwenye umbea wa wale wazungu wa Naivasha, mimi kinachonivutia ni kilichofuata kwenye makaratasi. Jamaa alikuwa na vyeo viwili, Earl wa Erroll na Baron Kilmarnock, na mtoto mmoja tu, binti wa miaka 15 anaitwa Diana, aliyekuwa analelewa Uingereza. Uearl ulikuwa wa Scotland wa karne ya 15, na vyeo vingi vya zamani vya Scotland vinaruhusu binti kurithi kama marehemu hana mtoto wa kiume, hivyo yule binti akawa Countess wa Erroll kwa haki yake mwenyewe, na pamoja nao akapata wadhifa wa Lord High Constable wa Scotland unaokwenda na ukoo ule. Ubaroni ulikuwa wa 1831, hati yake inasema wanaume tu, ukamruka binti ukaenda kwa baba yake mdogo, Gilbert, ambaye akabadilisha hadi jina la ukoo akajiita Boyd. Yaani risasi moja imeondoa vyeo viwili kwa mtu mmoja, kila kimoja kimeshika njia yake, na hakuna wosia wa marehemu ungeweza kubadilisha chochote. Na cha kurithi kingine hakikuwepo sana, jumba lao la Slains kule Aberdeenshire lilishauzwa tangu 1916, leo ni magofu hayana paa.

Hapo ndo pa kutenganisha cheo na mali, vitu viwili hivi watu wanavichanganya. Cheo kinafuata hati ya mfalme, mali inafuata karatasi nyingine kabisa, za mawakili. Sie tuliokulia pwani tumezoea akifa mzee fungu linatoka kwa kila mtu, mke thumuni yake, mabinti nusu ya kaka zao, na baada ya vizazi vitatu shamba la minazi limekuwa vipande vya kujengea banda la kuku. Makabaila wa Uingereza walikwepa hilo kwa makusudi, walifunga ardhi kisheria ipite nzima kwa mkubwa wa kiume, naye alikuwa haruhusiwi kuiuza, alikuwa mtunzaji tu wa mali ya ukoo mpaka aje mwingine. Wadogo zake walipewa posho na kuambiwa watafute maisha jeshini, kanisani au makoloni. Ukatili fulani hivi, lakini ndo uliofanya jumba la 1690 bado lisimame na vitu vyake ndani.

Kilichowavunja si mapinduzi, ni ngano na kodi. Kuanzia miaka ya 1870 nafaka ya bei rahisi kutoka Marekani ilishusha mapato ya mashamba, halafu 1894 ikaja kodi ya mirathi. Wengine wakakimbilia kuoa matajiri wa Marekani, Duke wa 9 wa Marlborough alimuoa Consuelo Vanderbilt 1895 na mahari, kama tuiite mahari, ilikuwa hisa za reli za dola milioni 2.5, ndoa ikafa lakini jumba lake la Blenheim likapata hela. Hapa jirani zetu, jumba la Chatsworth, Duke wa 10 wa Devonshire alimhamishia mwanawe mali mapema ili kukwepa kodi, sharti likiwa aishi miaka mitano baada ya kuhamisha, mzee akafariki Novemba 1950 zikiwa zimebaki kama wiki 14 tu! Kodi asilimia 80. Wakauza ardhi, wakatoa michoro, na jumba la Hardwick, la bibi yao aliyejenga utajiri wa ukoo enzi za Elizabeth wa kwanza, likaishia kwa shirika la kuhifadhi majumba. Mjue tu huyo Duke wa 10 ni mtoto wa yule wa 9 aliyekuwa waziri wa makoloni, ndiye mwenye lile tamko la 1923 mlilosoma shuleni kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie, huku masetla wakiachiwa nyanda za juu.

Swali la pili. Lodi mwenye cheo ni mmoja tu, wengine wote nyumbani kisheria ni raia wa kawaida, majina yao ni ya heshima tu. Binti wa Earl anaitwa Lady na jina lake la kwanza, kwa hiyo baba yake Diana alipokuwa Earl Spencer mwaka 1975 binti akawa Lady Diana. Mtoto mdogo wa Duke anaitwa Lord fulani, kama Lord Randolph Churchill, lakini watoto wake yeye hawapati kitu, ndo maana Winston, aliyezaliwa ndani ya Blenheim 1874, alikuwa Mr na aligombea bunge la chini bila shida. Na hao Diana na Winston ni ukoo mmoja ukipanda juu. Duke wa kwanza wa Marlborough, jenerali aliyeshinda vita, alifiwa na mwanawe wa kiume, bunge likatunga sheria maalumu 1706 cheo kipite kwa mabinti, kikaangukia watoto wa binti yake aliyeolewa na Spencer. Kaka akabeba uduke, mdogo wake ndo babu wa akina Diana. Ukiwa na ushindi wa vita mkononi hata hati inalegezwa.

Ulodi wa kurithi ulikuwa unakupa pia kiti bungeni, na kukikataa ilikuwa haiwezekani. Mbunge Tony Benn alifiwa na baba yake 1960 akageuka Viscount Stansgate, akavuliwa ubunge, akagombea tena 1961 akashinda, wakamkatalia tena, mpaka sheria ikabadilishwa 1963 akakitema. Mwaka 1999 wa kurithi wakatolewa Bunge la Malodi wakabakizwa 92, na 2024 serikali ikapeleka muswada wa kuwaondoa na hao. Malodi mnaowasikia kwenye habari siku hizi karibu wote ni wa maisha tu, tangu sheria ya 1958, watoto wao hawarithi.

La mwisho, kununua. Vyeo viliwahi kuuzwa kweli, na wenye nchi wenyewe: Mfalme James wa kwanza aliuza ubaronet 1611 kwa pauni 1,095, na waziri mkuu Lloyd George aliviuza kwa waliotoa michango ya kisiasa mpaka 1925 ikatungwa sheria ya kuzuia. Hizi za mtandaoni unazoona ni kijipande cha ardhi Scotland ukubwa wa mkeka, unapewa cheti ujiite Laird (mwenye shamba kwa Kiskoti) au Lord. Mamlaka ya Scotland inayoshughulikia nembo na vyeo haikitambui, hata kwenye daftari la ardhi kijipande hicho hakisajiliwi kwa jina lako. Kama ni zawadi ya bethidei ya kuchekesha nunua, ila ukienda nacho benki au ubalozini wakakuandikie Lord kwenye makaratasi yako, mimi sipo.